Kiholanzi na Usajili wa BIG: Maswali ya Manesi na Madaktari Waliosomea Nje ya Uholanzi

Ukurasa huu ni wa manesi, wakunga, madaktari, wafamasia na wataalamu wengine wa afya waliosomea Kenya, Tanzania, Uganda, Kongo, Burundi au Rwanda, ambao tayari wako Uholanzi au wanajipanga kuja. Maswali ni yale yale yanayorudi kila mara kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. Msimamo wangu nausema mapema: ukiwa na pesa ya kugharimia jambo moja tu kwa sasa, lipia masomo ya lugha. Vyeti vyako havitaoza kabatini. Bila Kiholanzi, hakuna hati itakayokufikisha kwa mgonjwa.

BIG ni nini hasa?

Ni rejista ya serikali ya wataalamu wa afya. Imetokana na sheria ya mwaka 1993 inayosimamia taaluma za afya, na inaendeshwa na CIBG, wakala wa Wizara ya Afya ya Uholanzi. Daktari, nesi, mkunga, daktari wa meno, mfamasia, mtaalamu wa fiziotherapia na mwanasaikolojia wa afya wote wanatakiwa kuwemo humo ndipo watumie cheo chao na kufanya kazi hiyo kwa mamlaka yao wenyewe. Rejista iko wazi kwa umma: mgonjwa anaweza kuandika jina lako mtandaoni akaona kama umesajiliwa. Na ukishaingia, uko pia chini ya mabaraza ya nidhamu ya taaluma, ambayo yanaweza kukuonya, kukusimamisha au kukufuta.

Zipo kazi ambazo haziingii kwenye rejista lakini cheo chake kinalindwa na sheria hiyo hiyo: mtaalamu wa lishe, mtaalamu wa tiba ya usemi, optometrista, na yule anayeitwa *verzorgende IG*, yaani mhudumu wa ngazi ya tatu anayeruhusiwa baadhi ya kazi za kiuguzi. Hawa nao wakiwa wamesomea nje ya Ulaya hupeleka vyeti vyao CIBG vikapimwe, na lugha huulizwa.

Waholanzi karibu wote wanajua Kiingereza. Kwa nini nilazimishwe Kiholanzi?

Kwa sababu mgonjwa hakuja hospitalini kukurahisishia kazi. Bibi wa miaka 86 aliyevunjika nyonga, anayeamka saa tisa usiku akiwa amechanganyikiwa, hazungumzi Kiingereza hata kama ujanani alikijua. Mtoto wa miaka minne hakijui. Mzee aliyepata kiharusi hupoteza kwanza lugha alizojifunza ukubwani.

Kuna na sheria. Uholanzi ina sheria ya mkataba wa matibabu, iliyoanza mwaka 1995, inayomtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa kwa namna anayoielewa: ana tatizo gani, atatibiwaje, kuna hatari gani, kuna njia gani nyingine. Ridhaa ya mgonjwa ambaye hakuelewa si ridhaa. Kwa hiyo lugha hapa ni sehemu ya matibabu, sawa na kunawa mikono. Mimi naona takwa hili ni la haki, na ningelitaka liwepo hivyo hivyo kwa daktari mgeni anayekuja kumtibu mama yangu kijijini.

Natakiwa kufika kiwango gani?

Uholanzi inatumia vipimo vya lugha vya Baraza la Ulaya: A1 na A2 kwa anayeanza, B1 na B2 kwa anayejitegemea, C1 na C2 kwa aliyebobea. Kwa daktari, daktari wa meno na mfamasia kinachotakiwa ni B2+, yaani juu ya B2 lakini chini ya C1. Taaluma nyingine hupangiwa kiwango kulingana na ngazi ya elimu yake. Kwa nesi, ushauri wangu ni kuilenga B2 bila kujadiliana na nafsi yako. Hata pale ambapo karatasi ingekubali pungufu, wodi haikubali.

B2 inaonekanaje kazini?

Chukua makabidhiano ya zamu. Nesi wa usiku ana haraka ya kwenda nyumbani. Anakueleza wagonjwa wanane kwa dakika ishirini, anameza nusu ya maneno, simu inalia katikati, mwenzenu mwingine anaingilia na kusema kwamba wa kitanda cha tatu hajaenda choo tangu juzi. Mtu wa B1 atashika majina na magonjwa. Wa B2 atashika pia kwamba dawa ya saa mbili imesimamishwa *kama* presha itabaki chini. Hilo neno “kama” ndilo linalomlinda mgonjwa.

Kisha utaandika. Waholanzi wanaandika sana: kila zamu, kila mgonjwa, kwenye kompyuta. Sehemu nyingi hutumia mpangilio wa SOEP: mgonjwa amesema nini, wewe umeona nini, unatafsirije, utafanya nini. Familia ya mgonjwa nayo wakati mwingine ina ruhusa ya kusoma ulichoandika, hasa kwenye nyumba za wazee. Sentensi iliyopinda inaweza kusomeka kama dharau.

Nimesomea Afrika Mashariki. Safari yangu ya usajili ikoje?

Kwa aliyesomea nje ya Umoja wa Ulaya, unaomba kwanza CIBG wathibitishe umahiri wako wa kitaaluma. Unapeleka vyeti, orodha ya masomo na saa zake, uthibitisho wa mafunzo kwa vitendo, uzoefu wa kazi, na barua ya mwenendo mwema kutoka baraza lako la usajili, kwa mfano Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania au lile la Kenya. Hati iliyoandikwa kwa Kiswahili itafsiriwe na mfasiri aliyeapishwa. Binamu yako anayejua lugha zote mbili hatakubaliwa.

Kisha kuna mitihani. Wa kwanza unajulikana kwa kifupi AKV: unapima Kiholanzi katika mazingira ya afya (kusoma, kusikiliza, kuandika, kuzungumza), namna unavyowasiliana na mgonjwa, uwezo wa kusoma Kiingereza cha kitaaluma, na uelewa wako wa mfumo wa afya wa Uholanzi. Baadaye unakuja mtihani wa taaluma yenyewe. Nao unafanyika kwa Kiholanzi, na hapo ndipo watu wenye uzoefu wa miaka kumi huanguka. Ugonjwa wanaujua vizuri, ila swali hawakulielewa.

Mwishoni kamati ya wataalamu hutoa ushauri kuhusu faili lako. Unaweza kusajiliwa, kusajiliwa kwa masharti ya kufanya kazi chini ya usimamizi kwa muda, au kuelekezwa usome tena sehemu ya mafunzo.

Kuhusu mfumo wa afya, usiudharau. Lazima ujue kwamba tangu 2006 kila mkazi analazimika kuwa na bima ya msingi. Kwamba mgonjwa haendi kwa daktari bingwa bila kupitia kwa *huisarts*, daktari wa familia. Kwamba mtu mzima hujilipia sehemu ya kwanza ya gharama kila mwaka lakini kumwona *huisarts* hakuhesabiwi humo. Kwa aliyezoea mgonjwa kufika hospitali ya rufaa na mizigo yake bila barua, huu ni ulimwengu mwingine.

Nikipata diploma ya NT2 nimemaliza?

NT2 ni mtihani wa taifa wa Kiholanzi kwa wageni. Programu ya kwanza ni kiwango cha B1, ya pili ni B2. Una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Uzuri wake ni kwamba ukifeli sehemu moja unarudia hiyo tu.

Lakini angalia hesabu: programu ya pili inathibitisha B2, na daktari anatakiwa B2+. Tena NT2 inakuuliza kuhusu kukodi nyumba, ratiba za shule na makala za magazeti. Haikuulizi kumweleza mtu kwamba uvimbe wake umesambaa. Ichukue kama ngazi na maandalizi. Kabla ya kuitegemea kama uthibitisho, waandikie CIBG, taja taaluma yako na nchi uliyosomea, upate jibu kwa maandishi. Jibu la mtu wa kwenye grupu, hata kama ana nia njema, huwa linahusu faili lake yeye.

Nina diploma ya Ubelgiji. Si nchi jirani, na wao pia wanazungumza Kiholanzi?

Swali hili huja sana kutoka kwa ndugu zetu wa Kongo na Burundi. Ubelgiji ina pande zake. Kama ulisomea upande wa Flandria kwa Kiholanzi, masomo hayo yenyewe ni hoja yenye nguvu kuhusu lugha. Kama ulisomea Liège au Namur kwa Kifaransa, diploma yako ya Ulaya itakusaidia kwenye kutambuliwa kitaaluma, maana kuna agizo la Umoja wa Ulaya la 2005 linalorahisisha jambo hilo kati ya nchi wanachama. Lugha utaithibitisha kama mwingine yeyote. Agizo hilo, baada ya marekebisho ya 2013, linaziruhusu wazi mamlaka za nchi kukagua lugha ya mtaalamu.

Nafanya kazi Uingereza. Nilifaulu Kiingereza na nina namba ya usajili huko. Inanisaidia?

Uzoefu wako utaangaliwa, na utakusaidia kwenye tathmini. Ila Uingereza imeshatoka Umoja wa Ulaya, kwa hiyo ile barabara fupi haipo tena kwa anayepata sifa zake huko leo. Na mtihani wa Kiingereza hauchukui nafasi ya Kiholanzi kwa namna yoyote. Afadhali ulijue hili kabla hujaacha kazi Leeds.

Nilifanya mtihani wa ubalozini kabla ya kupata viza. Unahesabika?

Hapana. Ule ni mtihani wa msingi wa uhamiaji, unaofanywa hasa na wanaokuja kuungana na mume, mke au mchumba. Ni kiwango cha A1: kujitambulisha, kusoma tangazo fupi, kujua mambo machache kuhusu jamii ya Uholanzi. Umekufungulia mlango wa nchi tu. Kutoka hapo hadi B2, kwa mtu anayesoma kila siku na kuitumia lugha, mara nyingi ni kazi ya mwaka mmoja hadi miwili. Mwenye watoto wadogo na kazi ya zamu ajipe muda zaidi, na asione aibu.

Naweza kuanza nikiwa bado Nairobi, Dar au Bukavu?

Unaweza, na uanze. Masomo ya mtandaoni yapo ya kila aina, mengine ya walimu wa Kiholanzi wanaofundisha kwa video. Mimi ningependekeza vitu viwili ambavyo havikugharimu kitu. Cha kwanza ni thuisarts.nl, tovuti ya chama cha madaktari wa familia wa Uholanzi: magonjwa yote ya kawaida yameelezwa kwa Kiholanzi chepesi, kile kile utakachotakiwa kumwambia mgonjwa. Wewe tayari unajua shinikizo la damu ni nini, kwa hiyo akili yako yote inabaki kwenye lugha. Cha pili ni taarifa ya habari ya watoto, *Jeugdjournaal*: sauti wazi, sentensi fupi, kila siku.

Kuna pia mtihani wa CNaVT, wa Kiholanzi kama lugha ya kigeni, unaofanyika katika vituo nje ya Uholanzi na una ngazi mbalimbali hadi C1. Ni njia nzuri ya kujipima kabla ya kukata tiketi.

Ni makosa gani yanayotuangusha sisi hasa?

Sarufi tunaihangaikia kupita kiasi. Mtu anakesha akihofia *de* na *het*, vineno vinavyotangulia nomino, wakati hakuna mgonjwa aliyeumia kwa sababu nesi alikosea hiyo. Hofia namba.

Waholanzi hutaja tarakimu ya mwisho kwanza. 84 ni *vierentachtig*, nne-na-themanini. Unapokea simu, unaambiwa uzito wa mgonjwa, mkono unaandika ulichosikia kwanza: 48. Dawa ya kuzuia damu kuganda inayopimwa kwa kilo imeshakosewa karibu nusu. Nimeona manesi wazoefu wakirudia kila namba tarakimu moja moja kwenye simu, “nane, nne”, na hakuna Mholanzi aliyewahi kukasirika kwa hilo. Iga tabia hiyo kuanzia siku ya kwanza.

Saa nayo. *Half acht* ni saa moja na nusu, si saa mbili na nusu: ni nusu ya kuelekea ya nane kwa hesabu ya saa zao. Sisi tuliosoma kwa Kiingereza tunasikia nane na nusu moja kwa moja, tunachelewa saa nzima. Ukichelewa kazini utasemwa. Antibayotiki ikichelewa ni habari nyingine.

Na alama kwenye maandishi: Waholanzi huandika nusu miligramu kama 0,5 na elfu moja kama 1.000. Koma yao ni nukta yetu, nukta yao ni koma yetu. Fanya mazoezi ya hesabu za dripu kwa maandishi yao mpaka jicho lizoee.

Kwenye mtihani wa mazungumzo nifanye nini, niwe mpole au niwe wazi?

Vyote viwili, na hapa malezi yetu yanatuchanganya. Tumefundishwa kuizunguka habari mbaya, kuwaita wazee wa familia kwanza, kutomtazama mkubwa machoni. Uholanzi mgonjwa mwenyewe ndiye mwenye habari yake, anaambiwa yeye, na anauliza moja kwa moja: “Nitakufa?” Anatarajia jibu, siyo kuhamishwa mada. Tumia *u*, namna ya heshima, kwa mtu mzima usiyemjua hadi akuruhusu vinginevyo. Mwulize anajua nini tayari. Sema jambo kwa sentensi fupi. Nyamaza kidogo. Kisha mwulize amekuelewaje.

Utakutana pia na mazungumzo ya mwisho wa maisha, likiwemo ombi la kusaidiwa kufa, ambalo sheria ya huko inaliruhusu kwa masharti makali tangu 2002. Imani yako ni yako na sheria haimlazimishi daktari kulitekeleza. Lakini mgonjwa akilitaja mbele yako lazima uweze kulisikia, kulielewa sawasawa, na kulifikisha kwa anayehusika. Tafuta msamiati huo mapema, usiukutie kitandani kwa mtu.

Nani analipa masomo?

Inategemea ulivyoingia nchini. Mwenye hadhi ya mkimbizi hupangiwa masomo na manispaa yake. Asisitize tangu mwanzo kwamba yeye ni mtaalamu wa afya, asikubali kuachwa kwenye darasa linaloishia B1 kama anaweza zaidi. Shirika la UAF, lililoanza 1948, husaidia wakimbizi wasomi, madaktari na manesi wakiwemo. Aliyekuja kwa njia ya ndoa au familia hujilipia mwenyewe, ila anaweza kuomba mkopo wa DUO, wakala wa serikali wa mambo ya elimu, kwa masharti ya kipato. Aliyeletwa na mwajiri amwulize mwajiri, na akubaliane naye kwa maandishi: saa ngapi kwa wiki, ni ndani ya saa za kazi au nje, na ukiacha kazi unadaiwa nini.

Nikisubiri usajili naweza kufanya kazi gani?

Kama kibali chako cha kuishi kinaruhusu kazi, unaweza kuajiriwa kama msaidizi: kuosha, kulisha, kusindikiza, kuandaa kifungua kinywa kwenye nyumba ya wazee. Najua inauma kwa mtu aliyewahi kuongoza wodi ya uzazi. Lakini hakuna shule ya Kiholanzi inayoishinda ile kazi, maana wazee wana muda na wanapenda kuongea. Usijitambulishe kama *verpleegkundige* (nesi) wala daktari kabla hujasajiliwa. Kutumia cheo kilicholindwa ni kosa kisheria. Sindano, mpira wa mkojo na mengine ya aina hiyo yana masharti yake ya kisheria, kwa hiyo mtu akikuambia “wewe si ni nesi? Fanya tu”, kataa kwa adabu.

Wakala ameniahidi kazi ya unesi Uholanzi bila Kiholanzi. Nimwamini?

Usimpe hata shilingi. Kazi ya nesi aliyesajiliwa bila lugha haipo. Mwulize maswali matatu: mwajiri anaitwa nani, nani analipia lugha, na nitaingia kwa kibali gani. Akijibu kwa kukuharakisha ulipe, umeshapata jibu. Ujue pia kwamba Shirika la Afya Duniani liliziweka Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo kwenye orodha yake ya 2023 ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya. Orodha hiyo haikuzuii wewe kuomba kazi popote. Inazitaka nchi tajiri zisiende kuwinda watumishi huko, na ndiyo maana wakala anayejitangaza kwa kelele anastahili kutiliwa shaka.

Mimi ni daktari bingwa. Naanzia wapi?

Unaanzia kwenye usajili wa daktari wa kawaida, na takwa lile lile la lugha. Ubingwa hushughulikiwa na chombo kingine, RGS, baada ya hapo. Kuna chama cha madaktari waliosomea nje, VBGA, ambacho wanachama wake wameipita njia hii, watafute mapema. Ukitaka utafiti tu, bila kugusa mgonjwa, maabara nyingi za vyuo vikuu hufanya kazi kwa Kiingereza.

Nikishasajiliwa, lugha itaulizwa tena?

Usajili huhuishwa kila baada ya miaka mitano, na kwa taaluma nyingi kinachoangaliwa ni saa ulizofanya kazi: 2.080 katika kipindi hicho, au mafunzo ya kuzifidia. Hiyo 2.080, kwa koma na nukta zao, ni elfu mbili na themanini. Anza kutunza mikataba na hati za mishahara tangu mwezi wa kwanza, kwa sababu waajiri hubadilika, nyumba za wazee huunganishwa, na wewe ndiye utakayeulizwa ushahidi.